Baba aliniambia neno ndotoni, nimelisahau

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa ofisini, saa ya chakula ambayo mwezi huu haina chakula, kwa hiyo muda ninao. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, naishi Mbagala, kwetu Tanga. Baba yangu alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Hii ndiyo Ramadhani yetu ya kwanza bila yeye.

Jambo lenyewe ni ndoto. Najua wengine wanakuletea ndoa na madeni, mimi nakuletea ndoto, nisamehe. Lakini hii niliyoota jana asubuhi imeshatembea mpaka Tanga na kurudi, na mpaka Idd inaweza ikawa imetutoa kwenye kiwanja.

Jana tuliamka daku saa 10 na nusu. Nikala wali wa usiku kwa maharage, chai, tende mbili. Tukaswali alfajiri, nikajilaza nikisema ni dakika kumi tu.

Ndoto ilianzia kibandani kwa baba. Baba alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na kama umefika Tanga unajua fundi baiskeli kwetu hakosi kazi. Alikuwa amechutama mbele ya karai la maji, ameizamisha tyubu, anaizungusha taratibu anatafuta mapovu. Mimi ni mtoto, lakini nimevaa kitambulisho changu cha kazi shingoni. Mapovu yakaanza kutoka, yakawa mengi, nikatazama chini nikaona lile si karai tena, ni bahari. Nimesimama Raskazone, maji kiunoni, na nguo zangu kavu. Ile tyubu imekuwa boya na juu yake amekaa mdogo wangu, kichanga cha miezi sita hivi, ilhali mdogo wangu yuko Muscat, ana miaka 26 na ndiye anayetutumia hela. Nikawa namsukuma tufike ufukweni. Ufuko ukawa vigae vya ofisini. Meza zimelowa. Bosi wangu anagawa karatasi za mtihani wa kidato cha nne, somo silijui, namba yangu ya mtihani siioni. Nikafungua mlango nitoke nje, nikajikuta nimeingia jikoni kwa bibi mzaa mama, Muheza. Machungwa yamejaa sakafuni huna pa kukanyaga, moshi, na ile harufu ya ganda la chungwa lililotupwa motoni. Mle jikoni kuna mtu amenipa mgongo. Mgongo ni wa mwalimu wangu wa hisabati, kabisa, mpaka shati. Lakini nilijua ni baba. Usiniulize nilijuaje. Ameshika kitu cha chuma. Akasema bila kugeuka, "Usisahau..." na neno moja. Nikajibu, "Sawa baba." Hapo mume wangu akaniamsha, saa 1 na dakika 10, nimechelewa.

Shangazi, nilipofumbua macho lile neno nilikuwa nalo. Wallahi nilikuwa nalo mdomoni. Mume wangu akauliza sare ya mtoto iko wapi, nikamjibu iko kwenye kamba, nikarudi kulitafuta, halipo.

Kwenye daladala nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti nikamhadithia. Kufika ofisini nikampigia mama. Mama akalia, akasema baba anadaiwa mahali na hapumziki. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye ni mlokole, alisikia nusu ya mazungumzo, akaniambia hizo ni roho za mizimu na mchana huo huo akanishika kichwa akaniombea mbele ya mashine ya kutoa kopi. Kumbe mama naye alishamweleza baba mdogo. Baba mdogo akanipigia baada ya tarawehe. Amemuuliza shehe mmoja, anasema chuma mkononi mwa maiti ni funguo, funguo ni mali, na "usisahau" ni wasia. Neno nililolisahau, anasema, ni "mdogo wangu", yaani yeye. Anataka kabla ya Idd niende Tanga tukaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba kibanda na kiwanja chake vinarudi kwake.

Baba alizaa sisi wawili tu, wote wanawake. Babu na bibi upande wake wameshatangulia, na ndugu yake wa tumbo moja ni huyo baba mdogo peke yake.

Sasa kinachonitisha ni hiki. Usiku nimelala, nikafumba macho niikumbuke ndoto, nikaona funguo. Shada la funguo, zinang'aa, na sauti ya baba inasema "mdogo wangu". Asubuhi sikuwa na funguo. Nadhani. Nadhani ilikuwa spana. Sijui tena. Mume wangu anasema ndoto ni ndoto, niachane nayo. Mama anasema nisimuudhi marehemu. Nifanyeje nilikumbuke lile neno? Kuna dua, kuna njia yoyote?

Neno Mdomoni, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee.

Nianze na kitu ulichokigusa kwa mstari mmoja ukapita: ule ujumbe wa sauti wa kwenye daladala. Usiusikilize bado. Mwambie na mdogo wako asiufute. Tutaufikia.

Mimi nilikuwa muuguzi miaka 28, mingi yake zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi naujua kwa upande wa wanaolala na kwa upande wa anayewatazama. Mtu halali usingizi mmoja usiku kucha. Anashuka na kupanda, kila mzunguko dakika 90 hivi, na mwisho wa mzunguko huja kipindi ambacho mwili umelegea kama gunia lakini macho yanachezacheza chini ya kope. Ukikaa wodini utayaona kwa macho yako, huhitaji mashine. Waliokipima na kukitangaza, mwaka 1953, ni Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Aserinsky alimbandika nyaya hata mtoto wake mwenyewe wa miaka minane. Mwamshe mtu katika kipindi hicho na mara nyingi atakupa ndoto ndefu, ina watu, ina rangi, ina fujo. Na vipindi hivi havilingani. Cha kwanza ni cha dakika chache. Kadiri kunavyokucha vinarefuka, mpaka nusu saa na zaidi.

Wewe usiku wako uliukata saa 10 na nusu. Ukala, ukaswali, ukarudi kitandani ikikaribia saa 12, saa ambayo usingizi mzito ulishaulala, kilichobaki chunguni ni ndoto. Halafu mume akakuamsha katikati yake. Ndiyo sababu umeikumbuka. Angekuacha umalize, ukageuka upande wa pili ukalala tena, usingekuwa na barua ya kuniandikia. Kila Ramadhani watu wananiambia, "Mwezi huu naota sana!" Mimi nawaambia mwezi huu mnaamshwa sana.

(Hukusema kama unatumia dawa yoyote. Zipo zinazochochea ndoto: baadhi ya dawa za presha kama propranolol, mefloquine ya kuzuia malaria, efavirenz, na baadhi ya dawa za sonona. Kama ipo mojawapo, muulize daktari wako, usiiache kwa uamuzi wako.)

Unashangaa ulimjuaje baba kwenye mgongo wa mwalimu wa hisabati. Katika usingizi huo sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayosema "hebu ngoja, hili haliwezekani", imepunguza kazi. Sehemu za hisia ziko macho kuliko mchana. Kwa hiyo mapenzi ya baba yalikuja kwanza, kamili, halafu mgongo ukaazimwa popote ulipopatikana. Karai kuwa bahari, bahari kuwa vigae, na wewe husemi kitu: mlinzi wa getini alikuwa amelala.

Neno nalo lilipotea kwa njia hiyo hiyo. Iko kemikali inaitwa noradrenalini, ambayo pamoja na kazi zake nyingine inausaidia ubongo kushika mambo. Katika usingizi wa ndoto inashuka sana. Unachokiota kinaandikwa kwa kidole juu ya mchanga wa Raskazone. Ukiamka una dakika chache kabla wimbi halijapita, na wimbi lako lilikuwa sare ya mtoto. Hukumpuuza baba yako. Uliulizwa swali, ukajibu.

Nitaongeza jambo ambalo hutalipenda. Inawezekana neno halikuwepo. Mtu huweza kuota *amesikia* bila kilichosikika kuwepo, kama wewe ulivyoota uko kwenye mtihani na somo hulijui. Nikiwa kazini nililala mchana baada ya zamu, nikaota nimeambiwa jambo la hekima mpaka nikalia kwa furaha. Safari hiyo nilikuwa na kalamu, nikaliandika nusu macho nyuma ya bahasha. Nilipoamka vizuri nikasoma: "Ngazi ni za Jumanne tu." Bahasha ninayo mpaka leo.

Sasa funguo. Katika barua yako nzima, sentensi niliyoisoma mara tatu ni ile: *asubuhi sikuwa na funguo*. Ndoto haikai kichwani kama picha kwenye fremu. Kila ukiisimulia unaijenga upya, na mahali penye tundu unaziba kwa kilichopo karibu. Mwaka 1999 watafiti Giuliana Mazzoni na Elizabeth Loftus pamoja na wenzao walichapisha jaribio la kutia wasiwasi: watu walipeleka ndoto zao kwa mtaalamu, naye, hata ziwe ndoto gani, akawatafsiria kuwa zinaonyesha walipatwa na jambo la kuumiza, kwa mfano kupotea mahali pa watu wengi, kabla hawajafika miaka mitatu. Baadaye wengi wao walianza kuamini kwamba jambo hilo liliwahi kuwapata kweli. Huyo alikuwa mgeni kwao, tena kwa kikao kifupi. Wewe tafsiri uliipata usiku, umechoka, kutoka kwa baba yako mdogo, na nyuma yake kuna shehe.

Na nikuulize kitu kimoja. Baba mdogo na marehemu, sauti zao zinafanana? Ndugu wa tumbo moja mara nyingi zinafanana. Ulikata simu yake, ukalala, ukafumba macho, ukasikia "mdogo wangu". Mimi nadhani maneno hayo kweli uliyasikia jana. Uliyasikia baada ya tarawehe.

Sisemi baba mdogo ni mwongo. Amefiwa na kaka wa pekee, naye ndoto hiyo anaitamani: nani asingetaka kaka yake amtaje? Lakini kutamani hakumpi mtu kiwanja.

Kwa upande wa dini, kwa kuwa umetajiwa shehe, nami nina mawili matatu niliyoyapata chuoni kwa marehemu babu. Mtume ametufundisha ndoto ni namna tatu: bishara njema ya Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo nafsi inajizungumzia yenyewe. Ndoto inayorukaruka kama yako ina jina ndani ya Surat Yusuf. Mfalme alipoota ng'ombe wanene wakiliwa na waliokonda, wakuu wake walimwambia hizo ni *adhghathu ahlam*, na neno hilo asili yake ni konzi la majani yaliyochanganyika. Walikosea kwa mfalme, kweli, lakini jina la aina hiyo ya ndoto lipo na linajulikana. Na katika sura hiyo hiyo, jambo la kwanza Nabii Yaqub alilomwambia mwanawe baada ya kusimuliwa ndoto lilikuwa asiwahadithie ndugu zake. Wewe mpaka saa 4 asubuhi ulishaihadithia nchi mbili.

Vitabu vya tafsiri navyo tuvishike kwa uangalifu. Chuma ni hiki, funguo ni kile: mengi ya hayo yanatoka kwenye kitabu kinachouzwa kwa jina la Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 729, na wanaochunguza vitabu wanasema si yeye aliyekiandika.

Baba mdogo akiwa msomi atakuletea kisa cha Thabit bin Qays, na ni kisa kizuri. Sahaba huyu aliuawa vitani Yamama, mtu akamvua deraa (deraa ya vita, mwanangu, si dera letu la nyumbani). Inasimuliwa kwamba alimjia mtu ndotoni akamwambia deraa iko kwenye hema la mwisho wa kambi, mbele yake farasi amefungwa, imefunikwa chungu na juu ya chungu kuna tandiko. Khalid bin Walid akatuma watu, wakaikuta vile vile. Ndipo Abu Bakr akaupitisha wasia alioutoa ndotoni. Wasimulizi huongeza kuwa hajulikani mwingine ambaye wasia wake wa ndotoni ulipitishwa. Basi ukiletewa kisa hicho, uliza kwa adabu: baba, sisi deraa yetu iko wapi? Hapa hatuna hata neno lenyewe.

Mama yako usimbishie. Anachokisema kina kazi ndani yake, ndoto iwepo isiwepo. Nendeni kwa muuza vipuri aliyekuwa akimkopesha mzee, kwa wateja walioacha baiskeli na malipo ya awali, msikitini watangaze anayemdai ajitokeze. Deni la maiti hulipwa kabla ya kugawa chochote. Na mlokole wako amekuombea kwa nia njema, mshukuru. Ila si mbele ya mashine ya kopi.

Kiwanja. Mimi ni Shangazi wa gazetini, si wa damu, ndiyo maana nina uhuru wa kusema: sina fungu humo. Baba mdogo analo, bila ndoto yoyote. Kama familia ni hiyo uliyoieleza, yaani mjane, mabinti wawili na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama mmoja, basi kwa mirathi ya Kiislamu, baada ya gharama za mazishi, madeni, na wasia kama upo usiozidi theluthi, mali hukatwa mafungu 24. Mama ana thumni, mafungu 3. Nyinyi mabinti mna theluthi mbili, mafungu 16, nane nane. Matano yaliyobaki ni ya baba mdogo. Matano si haba, lakini si 24. Kama mama alichangia kukinunua au kukijenga, hilo nalo lisemwe mwanzoni kabisa. Familia ikae, imchague msimamizi wa mirathi, mwende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe, na mambo yapite huko. Kwa mwenyekiti wa mtaa usiende kusaini karatasi ya "kurudisha" kitu. Mwambie baba mdogo: "Baba, haki yako nitaisimamia, ila Idd hii nakuja kukupa mkono wa Idd tu." Sema hivyo kila akipiga, maneno yale yale, usiongeze. Akitaja ndoto, mwambie umeisahau. Hutakuwa umesema uongo.

Ukasema upewe njia ya kulikumbuka. Kwa ndoto zijazo ninayo. Ukiamka usijigeuze, usifungue macho, usiguse simu. Ishike picha ya mwisho, hata kama ni moshi tu, iulize ilitoka wapi, urudi nyuma hatua kwa hatua. Karatasi na penseli viwe chini ya mto, uandike vitu na si hadithi: karai, boya, vigae, chungwa. Mume aombwe, kwa wema, asiulize chochote mpaka umalize.

Kwa ndoto ya jana, muda umepita, ila hujaachwa mikono mitupu. Leo usiku, baada ya futari, chukua daftari uandike ndoto yote *kama unavyoikumbuka sasa*, na funguo zake na "mdogo wangu" wake. Usijisahihishe. Tia tarehe na saa. Kisha mpigie mdogo wako, na huko Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, asije akasingizia hilo asipokee, mwambie auchezeshe ule ujumbe nanyi nyote mkisikiliza, wewe daftari mkononi. Yaliyo kwenye ujumbe yalisemwa kabla mama hajalia, kabla hujaombewa, kabla simu ya tarawehe haijaingia. Hiyo ndiyo ndoto. Yaliyo kwenye daftari na hayamo kwenye ujumbe, yapigie mstari. Hayo ni watu.

Mdogo wako mwache aseme la kwake. Ni binti wa marehemu pia, na katika hadithi yote hii hakuna aliyemuuliza chochote. Amewekwa juu ya boya asukumwe. Ndiye mwenye mafungu nane mengine.

Baada ya hapo, kama bado unataka, jaribu mara moja, usirudie: kesho baada ya alfajiri lala upande ule ule uliolalia, anza na harufu ya ganda la chungwa, ungoje. Likija, lije. Usilivute, maana ukilivuta utapewa lolote, na lolote lililo karibu siku hizi ni la baba mdogo.

Ukisikia kwenye ujumbe kwamba ilikuwa spana, basi ilikuwa spana, na kama unakumbuka namba yake nenda kaitafute kibandani uiweke kwako. Ukisikia neno, liandike, ukae nalo siku tatu bila kumwambia mtu, hata mimi. Na kama sauti yako inafika kwenye "Usisahau..." halafu inanyamaza, anasikika kondakta tu anaita Kariakoo, basi neno halikuwepo hata asubuhi ile. Mzee alikuja Ramadhani yenu ya kwanza bila yeye, akachutama kwenye karai lake, na alikuwa anatafuta pancha.